Mawe Chini ya Trela

Asubuhi ya juzi nilikuwa nikingoja basi Pugu, mwanangu mgongoni, ukungu bado umelala vilimani. Juu ya mteremko, dereva wa lori alikuwa akiunganisha trela lililojaa mkonge wa shamba la Mzungu. Chini ya mteremko kina mama walikuwa wakiuza chai.

"Pini imeingia, mzee," alisema utingo wake, ameshayainamia mawe yaliyozuia magurudumu ya trela. "Niyatoe?"

"Yaache. Kwanza nilivute kidogo, nione kama limeshika."

"Loo! Kwa mwendo huu mkonge utaota majani!"

Dereva hakukasirika. Alininyooshea kidevu. "Mtazame dada yule. Kila siku namwona hapa: akishafunga mbeleko hujitikisa kwanza, ndipo anaachia mikono. Naye ana mtoto mmoja tu. Kule chini wako wangapi?"

Utingo akawatazama wauza chai, akayaacha mawe na kusogea kando. Lori likavuta polepole, trela likaguna, pini isichomoke. Ndipo mawe yakatolewa, na dereva akanipungia mkono kwa heshima.

Nami nilimpungia, lakini uso uliniwaka. Siku ile nilikuwa nimefunga mbeleko mbiombio, na sikuwa nimejitikisa hata kidogo. Nikajitikisa pale pale.