Kadi ya Tatu

Baba hakuwa na ugomvi na michezo. Mpira aliupenda, na mwanariadha wetu akionekana kwenye televisheni nyumba nzima ililazimika kunyamaza. Ugomvi wake ulikuwa na mchezo wangu. Nilipokuwa kidato cha tatu huko Mukurweini nilichaguliwa kuwakilisha shule katika matembezi ya kasi, na habari zilipomfikia aliniuliza, mbele ya wageni, kama mwaka ujao tutashindania kusimama.

"Mtu hutembea akienda duka," alisema. "Hiyo nayo ni michezo? Na hiyo kiuno unatingisha kwa barabara, ati watu waseme nini?"

Nilimchukia siku hiyo, sitaficha. Watu walikuwa wameshasema. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo ili wanicheke vizuri, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kunifuata kwa miguu mita mia mbili. Sheria ni rahisi kuitamka: wakati wote mguu mmoja uwe umegusa ardhi. Ukiinua yote miwili, hata kwa kufumba na kufumbua, umekimbia, na kukimbia ni kosa. Sasa jaribu kwa kilomita tano. Mapafu yanakuomba ukimbie, mapaja yanakuomba, na wewe unakataa kila hatua. Nilifika nyumbani nikiwa sina nguvu ya kuinua kijiko, halafu naambiwa nimetembea tu.

Mashindano ya kanda yalifanyika Kerugoya. Wawili wa kwanza wangeingia kwenye timu ya kwenda taifa. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho, maana shuleni kwetu kidato cha nne hakuna michezo, ni vitabu tu.

Uwanja wenyewe ulichongwa ubavuni mwa kilima, kama viwanja vyetu vingi, na kona ya chini iliinama kuelekea mashamba ya chai. Waamuzi walikuwa watatu, wamesambaa kuuzunguka, na mwamuzi mkuu alisimama karibu na mstari wa kumalizia. Mwamuzi akiona umekosea anapeleka kadi, na alama inawekwa kwenye ubao hapo hapo. Kila mwamuzi anaweza kukupa moja tu; kadi tatu, umetoka. Mzunguko wa nne nikapata ya kwanza. Nikapunguza mwendo, nikahesabu pumzi, nikajitukana kimoyomoyo.

Mzunguko wa saba nilimwona Baba kwenye ua wa uwanja. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kuangalia ng'ombe wa kununua. Nilitaka asinione nikitingisha kiuno, na papo hapo nilitaka anione. Mzunguko wa tisa ubao ukaonyesha kadi yangu ya pili.

Ilibaki moja, na mwamuzi ambaye hakuwa ameniandika alikuwa yule wa kona ya chini, mwanamume mwembamba aliyeweka mikono nyuma.

Mzunguko wa mwisho nilikuwa wa tatu. Msichana wa pili alikuwa hatua nne mbele yangu, anahema kwa sauti. Nikimwacha, nimekosa timu. Nikimfuata kwa nguvu kwenye mteremko ule, huenda miguu ikanisaliti. Nilimfuata. Tulipoingia kona ya chini nilimfikia begani, na hapo nikalisikia kosa langu mwenyewe. Ukitembea sawasawa nyayo hupokezana bila kuacha nafasi. Nafasi ikatokea. Chini yangu pakawa kimya, mara tatu, labda nne, na nilikuwa nimeshampita.

Mwamuzi aliniangalia. Hakuandika chochote nilichokiona.

Nilimaliza wa pili. Niliinama nikishika magoti, macho kwenye ubao. Wenzangu waliimba jina la shule. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita, na ubao ulikuwa bado na kadi zangu mbili. Nilianza kuamini. Ndipo mwamuzi mkuu akavuka nyasi taratibu, akasimama mbele yangu na kuinua kibao chekundu: kadi ya tatu imefika, nimetolewa.

Kabla sijafungua mdomo nilisikia sauti ya Baba. Alikuwa ameruka ua akiwa na koti lake la kanisani.

"Mwalimu, hapana! Huyu msichana yangu ametembea mwanzo mpaka mwisho. Mimi niko na macho!"

"Mzee, tafadhali rudi nyuma ya ua."

"Sirudi. Niko na ushahidi." Akainua simu yake. "Nimemchukua video yote. Angalia hapa. Angalia kama amekimbia!"

Baba alikuwa amenirekodi. Watu walianza kusogea, wengine wakimuunga mkono kwa kelele. Maisha yangu yote sikuwa nimemwona akibishana na mtu kwa ajili yangu, na kidole chake kilikuwa kinatafuta pa kubonyeza.

"Baba, usiicheze," nikasema.

"Kwa nini? Wamekuonea!"

"Hawajanionea. Nilikimbia."

Aliniangalia kana kwamba nimemkanyaga. Kelele zilipungua.

"Wapi?"

"Kona ya chini. Hatua tatu hivi."

Alitazama ile kona, akairudisha simu mfukoni, akamwambia mwamuzi, "Samahani, mwalimu." Kisha akanigeukia. Nilijiandaa kwa matusi.

"Mteremko kama huo," akauliza polepole, "mtu huweka mguu namna gani ndio usiruke?"

Kibao chekundu kilikuwa hakijanitoa chozi. Hapo ndipo nililia.