Nilimtafsiria Kamanda

Asubuhi hiyo mume wangu, Lado, alikuwa juu ya paa la shule akipigilia mabati yaliyong'olewa na upepo. Mimi nilikuwa chini nimemshikia ngazi, tukibishana kuhusu mbuzi wetu aliyekula sukuma wiki za jirani. Kwetu, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, vita tulikuwa tunavisikia redioni tu.

Saa nne wanajeshi wa serikali wakafika. Kamanda wao aliketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akaomba maji, akashukuru. Kisha akaamuru wanaume wote wapande lori.

Lado alishuka.

"Nitarudi," aliniambia. "Mpe mtoto uji."

Lori likaondoka. Tukasikia risasi upande wa mtoni.

Nilimbeba binti yetu, Poni, nikakimbia.

Sasa tunaishi Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret. Poni anasomea uuguzi. Mimi ni mkalimani. Mwaka jana niliitwa kutafsiri mazungumzo kwenye hoteli moja mjini. Mataifa ya mbali yalikuwa yamewawekea vikwazo wakubwa wa nchi yetu, lakini Wakenya waliona afadhali waongee nao ili chakula cha msaada kiwafikie watu wetu.

Upande wa pili wa meza aliketi yule kamanda, amevaa tai. Hakunitambua.

Alilalamika kwamba vikwazo vilimzuia kusafiri kwenda mahafali ya binti yake. Sauti ikamkatika. Nilitafsiri neno kwa neno.

Wakati wa chai nilimwuliza kwa lugha yetu, "Wanaume wa shule ile mliwazika wapi?"

Alikoroga chai yake. "Mama, hayo ni ya zamani. Tumekuja kutafuta amani."

Nikamweleza afisa Mkenya aliyesimamia kikao. Alinivuta kando.

"Mama, pole sana. Lakini huyu mtu akitoka kwa hii meza leo, chakula hakivuki mpaka. Wacha tuokoe wenye wako hai kwanza."

Nilirudi kitini, nikatafsiri hadi jioni.

Chakula kilivuka. Dada yangu aliyebaki kule alipata mtama. Baadaye kamanda naye akaondolewa marufuku ya kusafiri.

Dada yangu amekula, na siwezi kujifanya hilo si kitu. Lakini fomu za chuo cha Poni zinauliza habari za baba. Kila mara tunaandika: hajulikani aliko.

Si kweli. Yuko mtu anayejua. Nilikaa naye siku nzima, nikayapanga maneno yake vizuri ili aeleweke.