Mgeni Aliyesimamishwa Kanisani

Wanawake wa kijiji cha Hasamba, Mbozi, watakuambia Tabita ana mdomo, na hawakosei. Huyo atakugombeza kwa kuchuma kahawa mbichi hata ukiwa shambani kwako mwenyewe. Lakini tangu mwanawe Ambilikile avuke mpaka wa Tunduma kwa njia za panya kwenda kutafuta maisha Afrika Kusini, bila pasi wala ruhusa, maneno humkatikia njiani. Simu yake ya mwisho ilitoka Zimbabwe. Huu ni mwaka wa pili, kimya.

Kwa hiyo alipomkuta yule kijana Mhabeshi amejikunyata chini ya mibuni, miguu imevimba, hakuuliza amefikaje. Nani Mbozi hajui? Malori huwabeba Wahabeshi kwenda kusini wakiwa wamebanana kama magunia, na dereva akisikia polisi wako mbele anawamwaga porini. Wenye miguu hukimbia. Huyu hakuweza. Tabita alimwingiza jikoni, akamkalisha kando ya moto na kumvika sweta la Ambilikile. Jina lake Dawiti. Kiswahili hana hata cha kuombea maji.

Sasa balaa ni kwamba Boazi, mume wa Tabita, ndiye balozi wa nyumba kumi, na ni mtu wa sheria mpaka anachosha. Mbuzi wa mdogo wake wa tumbo moja alipokula mahindi ya jirani, Boazi mwenyewe alimkokota ndugu yake huyo mpaka ofisi ya kijiji.

"Mama Ambi," alisema akiwa mlangoni mwa jiko, "kumficha huyu ni jela. Nchi ina wenyewe. Mtu anabisha hodi."

"Na mwanao alibisha hodi wapi?"

"Alikosea. Nampenda, lakini alikosea, na nilimwambia." Boazi alimtazama kijana kwa muda mrefu. "Jumatatu nampeleka polisi Mlowo. Kesho Jumapili nina kikao cha wazee wa kanisa, sitarudi mpaka jioni."

Tabita alisikia Jumatatu tu. Mengine yalimpita. Alilia, akafuta kamasi, akaanza kuwaza.

Kanisani kwao kila Jumapili wageni husimamishwa. Mwenyeji anawatambulisha, watu wanaimba wimbo wa kuwakaribisha, kisha wazee wa kanisa wanawapa mkono. Mgeni akishapewa mkono ni wa wote, na hakuna aliyewahi kuona mgeni wa namna hiyo akifukuzwa. Boazi ni mzee wa kanisa. Akishampa mkono Dawiti mbele ya watu, atapata wapi uso wa kumpeleka polisi?

Basi Jumapili akampeleka, kijana anachechemea. Wageni walipoitwa, Tabita akasimama naye.

"Bwana asifiwe. Huyu ni mgeni wangu. Ametoka mbali, anaumwa, na ana mama yake kama sisi."

Watu wakaimba. Ikupa, jirani ambaye kutwa kisimani alikuwa akisema Wahabeshi warudishwe kwao, alivua kitenge begani akamfunika nacho. Mwanamume mmoja nyuma akanung'unika kuwa sasa wanamwimbia mvunja sheria. Boazi hakuinuka kwenda kumpa mkono. Aliinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Na kwenye benchi la tatu mtendaji wa kijiji, ambaye kibarua chake kingeota nyasi kama angenyamaza, akatoka nje na simu.

Ibada ilipoisha Boazi alimvuta mkewe pembeni.

"Umefanya nini, mama Ambi? Nilikuachia Jumapili nzima umwondoe. Ningerudi jioni nikute jiko tupu, nisiulize kitu."

"Si ungeniambia!"

"Mimi balozi, ningesemaje? Nilijua utaelewa. Sasa kanisa zima limemwona."

Tabita akakaa chini pale pale. Hajatulia, gari la polisi likaingia. Dawiti hakukimbia, na miguu ile angekimbilia wapi? Wakampandisha nyuma. Alikuwa bado anatabasamu kidogo, kwa sababu ya nyimbo.

"Nani alimhifadhi?" askari aliuliza.

Tabita akafungua kinywa, Boazi akamwahi. "Alilala kwangu."

"Ni mimi, afande. Yeye alikataa."

"Nyumba ni yangu," Boazi alisema, "na balozi ni mimi."

Askari yule, mtu mzima mwenye mvi, akamsogelea na kushusha sauti. "Mzee, sema tu hukujua. Yataisha hapa."

"Nilijua," Boazi alisema.

Akapanda mwenyewe, akakaa karibu na kijana. Tabita alishika ukingo wa gari akiomba achukuliwe na yeye, mpaka askari akambandua vidole naye akaanguka. Gari likashika njia ya Mlowo. Ikupa alijaribu kumwinua akashindwa. Tabita alilia kama mtu aliyefiwa, maana alijua ni yeye aliyewapandisha wote wawili.