Nota Niliyoipandisha

Mwalimu wetu wa kwaya pale Kigera aliandikaga nyimbo zake kwenye daftari la shule. Mimi nilizichapa kwenye kompyuta, kwa programu huria ya nota ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Nikajiona fundi, nikaiongezea kanuni yangu: nota ambayo sauti ya mtu haifiki ipakwe rangi nyekundu.

Alipotunga wimbo mpya wa mazishi, nota ya mwisho ya besi ikawa nyekundu. Nikasema mzee kakosea. Kumuuliza? Wala. Niliipandisha, nikautuma wimbo kwa kwaya za Bunda na Butiama.

Alipofariki, tulimwimbia wimbo huohuo kaburini. Tulipomaliza, mjane wake akanishika mkono.

“Mwanangu, mbona mwisho hamkushuka? Alikuwaga anashuka mwenyewe pale, mpaka sufuria zinatetemeka jikoni.”

Nikaomba daftari. Lilikuwa limeshachomwa pamoja na godoro lake.

Ile kanuni nimeifuta. Lakini nota yake siikumbuki, na kila anayezikwa huku kwetu anaimbiwa ya kwangu.