Mimba Zabibu

Kwingine ukitaja mimba zabibu, watu watakuuliza ndiyo nini. Dodoma hawaulizi. Zabibu kila mtu anazijua, na kila mtu ana la kusema.

Tumbo langu la kwanza lilikua kwa fujo. Miezi mitatu, mtu angesema sita. Duka la serikali alilofanyia kazi mume wangu lilikuwa limefungwa, akawa anauza mitumba sokoni, na mama yake, tuliyekuwa tukiishi naye Nkuhungu, akamwagiza alete nguo za watoto mbili mbili. "Mapacha hao," alitangaza bombani. Mimi natapika mpaka nyongo, lakini nani alinisikiliza? Kisha damu ikaanza kutoka. Hospitali, walipomaliza kunisafisha, muuguzi akaniambia hapakuwa na mtoto, ila vijifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala. Akautaja ugonjwa kwa jina lake, mimba zabibu, na mama mkwe amesimama hapo hapo.

Haikupita wiki mtaa mzima ukajua. Eti nilikula zabibu mbichi. Eti nilichuma shamba la watu bila ruhusa. Wanawake tulioolewa nao wakati mmoja walikuwa tayari Mama Fulani na Mama Fulani. Mimi nikawa Mama Zabibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaacha kwenda bombani mchana, na wauzaji wakipita na ndoo zao za zabibu nilikuwa nafunga dirisha. Niliuonea haya mwili wangu hata nikiwa naoga peke yangu.

Kliniki nilirudi kwa kuwa walinilazimisha. Daktari, mwanamke wa makamo asiye na subira, aliniuliza kama damu bado inatoka. Nikatazama sakafu.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Sema."

Nikasema. Akaniambia nisibebe mimba mwaka mzima, nimeze vidonge vya uzazi wa mpango, na mkojo wangu upimwe kila mwezi. Mabaki ya mimba ile yangeweza kugeuka saratani yakaniua, na mimba mpya ingeficha dalili. Nikamwuliza nilikula nini basi.

Akavuta pindo la kanga yangu. "Hukula kitu. Soma haya maneno." Nikasoma. Akaikunja. "Sasa?" Hayakusomeka tena. "Yamefutika?" Nikasema hapana, yapo.

Akasema vinasaba viko hivyo: uzi mrefu uliokunjwa ndani ya mwili, unaosomeka pale tu ulipokunjuliwa. Mtoto hupata nakala mbili, ya mama na ya baba, na kila moja huja na mikunjo yake. Nakala ya baba husukuma kondo la nyuma likue; ya mama hulizuia lisizidi.

"Yai lako lilikuwa tupu. Vinasaba vilivyoingia ni vya baba peke yake, kondo likajiotea bila wa kulizuia. Si kosa la mtu. Hutokea tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na nafuu moyoni. Haikudumu. Mama mkwe alivikuta vidonge vyangu chini ya godoro. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kitandani kwangu akaniuliza kwa nini nafunga kizazi cha mwanawe, au nataka nirudishwe kwetu Haneti. Nikamweleza yote, na kanga nikamkunjia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo zile zabibu zilikuwa za mwanangu."

"Daktari amesema si kosa la mtu, mama."

"Nimesikia. Za mwanangu peke yake."

Akatazama mlango, akashusha sauti. Mwaka wangu nitaupata, alisema. Yeye mwenyewe atamwambia mwanawe asiniharakishe, na wa bombani atawajibu yeye. Ila hilo la baba nisilitamke popote, hata kwa mume wangu.

"Kazi ameshapoteza. Na hili tena hataliweza." Akanirudishia vidonge mkononi. "Wewe aibu umeshaizoea."

Nikasema sawa, mama. Tena nikamshukuru.