Kiti cha Kushoto cha Zedi ya Mzee Yona

Niliondoka Singida mjini nikiwa na hasira, nasema ukweli. Mzee Yona alikuwa amekikataa kiti changu mara ya pili.

Mimi ni fundi viti vya magari. Karakana yangu iko nyuma ya stendi, nina cherehani moja kubwa, na nimevisha viti vya malori, vya mabasi, hata kimoja cha kinyozi. Lakini mwenyewe sijui kukaa. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni. Kazi ikinishinda chakula hakipiti, nazunguka tu uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Gari la Mzee Yona ni Zedi ya kwanza, lile gari la mbio la Kijapani lenye milango miwili na boneti ndefu. Alilinunua akiwa kijana, na ndilo alilomchukulia bibi harusi wake. Limelala bandani kwake Mandewa miaka mingi bila viti. Mwanawe Elia, anayefanya kazi Dodoma, amelifufua injini na kulipaka rangi, kwa sababu Jumamosi wazee wangetimiza miaka hamsini ya ndoa. Mzee alitaka jambo moja tu: ampeleke mkewe kanisani kwa gari lile lile. Kilichobaki ni viti, na viti vilikuwa juu yangu.

Cha dereva alikikubali. Cha kushoto, cha abiria, alikaa, akatazama mbele, akashuka.

"Hapana. Barabara haionekani."

Haionekani vipi, na mzee mwenyewe anakaribia urefu wa mlango wa nyumba? Nikaenda kubadilisha sponji, nikarudi. Safari hii alijikunja mpaka kidevu kikagusa kifua, ndipo akatazama mbele. "Haionekani. Fundi, kama imeshindikana, tutakwenda kwa miguu."

Elia akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba labda macho ya baba yameanza kwenda. Mama Damari, mke wa mzee, alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni akipepeta mtama. Alituangalia, kisha akaendelea kupepeta.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Elia alinipitia na Zedi yake mwenyewe, ya siku hizi. Alisema Nduguti kuna mtu ana ya kizazi cha pili, nikikiona kiti chake nitaelewa cha kwanza kilivyotoka kiwandani. Kwa hesabu yake vizazi vimefika saba. Mimi nimeona vitatu, vimenitosha.

Hii yake huingii, unaangukia ndani. Kiti kina mbawa ngumu ubavuni zinazokubana utadhani umekamatwa. Nikatoa futi, nikaanza kupima huku tunakwenda: mgongo, paja, shingo.

"Dada Siwema, tulia basi," Elia akasema. "Umefunga mkanda au unacheza ngoma?"

"Nitatulia baba yako akikaa."

Iguguno tukaiacha lami, na gari la mbio likawa konokono. Kila jiwe lililogonga tumboni mwa gari, Elia aliguna yeye. Kinyangiri bodaboda iliyobeba matenga ya kuku ikatupita, dereva akageuka akicheka: "Bosi, nikuvute?" Elia akapandisha kioo. Mimi nilikuwa nimezama chini, naona mbingu na vichwa vya alizeti basi, na uti wa mgongo unanipa habari zote za barabara.

Nduguti, saa nne. Bwana Hamisi ni mkandarasi wa nyumba, na Zedi yake ya pili anaifunika turubai kuliko watu wanavyofunika mahindi. Alitukaribisha kwa chai na mihogo, akalifunua gari. Kiti kipana, kitambaa laini chenye manyoya, ukikaa unazama. Juu, paa lina vioo viwili vya kutoa.

"Hii ni sebule," nikasema.

Bwana Hamisi akacheka. "Ile ya kwanza ilikuwa ya vijana, dada yangu. Hii ni ya vijana hao hao walipoota vitambi."

Nilipima, nikapima tena, hakuna kilicholingana na vyuma vilivyobaki kwenye gari la mzee. Nikalizunguka lile gari mara tatu. Chai ikapoa. Siku tatu zimebaki na sina hata pa kuanzia! Nilitamani kulia. Elia akapiga simu nyumbani kumuuliza baba yake, akapokea Mama Damari.

"Mama, hivi viti vya zamani vya gari vilikwenda wapi?"

"Viko Itigi, kwa Mama Zaituni."

"Ee! Mbona hukusema, mama?"

"Mliniuliza?"

Akatueleza. Zamani hizo gari liliwafia Itigi, likapandishwa behewa la mizigo kurudi nyumbani. Viti viling'olewa visije vikaibiwa njiani, vikaachwa kwa rafiki yao huyo, na havikufuatwa tena.

Alhamisi tuliondoka alfajiri. Ikungi, Manyoni, sikumbuki tulichoongea. Baada ya Manyoni, pori la vichaka likaanza kutubana huku na huku, kavu, halina nafasi hata ya mbuzi kupita. Saa tano tukaingia Itigi. Mama Zaituni anauza asali karibu na stesheni, madumu yamepangwa mbele ya nyumba. Ni bibi mfupi, mcheshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Wewe ni wa Yona, paji hilo hilo! Ingieni."

Viti vilikuwa sebuleni, vimefungwa juu ya stuli za mbao, vinatazama televisheni. Nikakaa cha dereva. Chembamba, miguu imenyooka mbele, mgongo umeegemea kidogo. Kilikuwa sawasawa na nilichokishona! Nikapiga kofi pajani. Kisha nikahamia cha kushoto, na nikajikuta niko juu, kama nimekalia tofali.

Nikakipindua. Chini yake mtu amekunja ngozi ya mbuzi, akashindilia sufi, akainua mto mzima vidole vinne, halafu akashona kwa uzi wa katani. Mshono umepinda kama njia ya ng'ombe.

"Jamani! Nani huyu mshamba aliyeharibu kiti kizuri namna hii?"

Mama Zaituni alicheka mpaka kitenge kikamlegea. "Mshamba ni huyo huyo mteja wako. Kabla gari halijawafia, alikaa hapo mlangoni siku nzima na sindano ya magunia. Tangu Singida mpaka hapa Damari alikuwa ameona dashibodi tu, maskini, akawa anatapika. Si unajua kimo chake? Ni kama mimi. Na wanaume walipomcheka Yona, eti anamshonea mke, akawaambia anaziba tundu."

Nimempima mzee mara mbili. Nimepima gari la Dodoma na gari la Nduguti. Na mwanamke mwenzangu, ambaye ndiye atakayekikalia kiti, alikuwa hatua kumi kutoka kwangu anapepeta mtama, sikumwambia hata "mama, hebu jaribu." Niliona aibu kubwa kuliko ile ya kukataliwa.

"Mama, naomba nikichukue kiti hiki."

"Hukichukui. Nimekizoea, nitaangaliaje taarifa ya habari? Pima, uende ukashone chako. Na siku nyingine uulize. Kuuliza si ujinga, mwanangu."

Akatufungia dumu dogo la asali tumpelekee Damari.

Tukiwa njiani, karibu na Ikungi, Elia akasema, "Baba hajawahi kusema jambo kama hilo. Si mtu wa maneno hayo."

"Amesema mara mbili," nikamjibu. "Barabara haionekani."

Akanigeukia, kisha akarudisha macho barabarani.

Ijumaa asubuhi nilifika Mandewa na kile kiti changu kilichokataliwa, nikakifunga garini. Mzee alikuwa bandani kwa kuku. Nikamwendea mkewe. "Mama, samahani sana. Naomba ukae."

Akajifuta mikono, akakaa. Macho yake yaliishia kwenye dashibodi. Nikaingiza ngozi iliyokunjwa. "Hapa?"

"Juu kidogo."

Nikaongeza sufi. "Hapa?"

"Hapo." Halafu akasema polepole, "Hapo ndipo."

Nilirudi nacho karakanani, nikashona mpaka alasiri. Chini, pasipoonekana na mtu, nilimalizia kwa mkono na sindano ya magunia.

Jumamosi, saa mbili na nusu. Mzee alitoka na suti ya kahawia, hakukijaribu kiti. Alijifanya anakagua tairi. Mama Damari akaingia, akaweka mkoba mapajani, akatazama mbele.

Mzee akauliza huku bado ameinamia tairi, "Vipi?"

"Naona mpaka kule kwenye kona."

Akasimama, akajipangusa magoti, akanitazama mara moja tu. "Fundi, kiti kimekubali." Akaingia, akawasha.

Siku hizi gari likija karakanani siigusi futi. Nauliza kwanza atakaa nani. Lakini asubuhi ile sikuwaza karakana. Zedi ilipoipita ile kona, kile kichwa kidogo chenye kitambaa cheupe kilionekana vizuri juu ya ukingo wa dirisha. Nikavuta kigoda cha Mama Damari.

"Dada Siwema," Elia akashangaa, "umekaa?"

"Nimekaa."

Na nilikaa pale pale mpaka waliporudi.