Mlo mmoja kwa siku

Mbwa yule tuliachiwa na Mzungu msimamizi wa ujenzi wa barabara, ambaye baba alikuwa dereva wake. Mkataba ulipokwisha Mzungu akaondoka, mbwa akabaki kwetu Nsemulwa, mtaa wa Mpanda. Alikuwa wa ile jamii ya mbwa wakubwa wanaofugwa kwa ulinzi, kifua kama cha ndama, midomo ikidondosha udenda kutwa. Watu walibadili njia kwa kumwogopa, na yeye alimwogopa jogoo wetu.

Hakuwa na ukali hata wa dawa. Mgeni akiingia hakubweka. Alikwenda kusimama kati yake na sisi watoto, kimya, mpaka mama aseme karibu. Akikupenda alikuegemea kwa uzito wake wote, na kama hukujipanga ulianguka. Viwiko vyake viliota sugu kwa kulala chini, baba akamtandikia gunia la maranda. Jua lilipozidi, mama alimmwagia maji mgongoni huku akimsema, "Huyu si mbwa, ni mkwe." Alimpenda, ila hakutaka tujue.

Jirani yetu alikuwa Mnyamwezi, rafiki wa mama tangu sijapata akili. Walikata kuni pamoja, na mdogo wangu alinyonya kwake mama alipolazwa. Kila asubuhi jirani alimpa mbwa tonge la ugali na maziwa ya mgando, mchana tena kidogo, na alasiri akikumbuka. Ndipo tukaibiwa kuku mchana kweupe, mbwa amejilaza uani kwa jirani.

"Mdogo wangu, mbwa hulinda anakokula," mama akamwambia jirani. "Usimpe tena."

"Haya dada, nimesikia," alijibu akicheka, na kweli aliacha.

Toka hapo mbwa akala kama mbwa wote wa Mpanda: mara moja, jioni, watu wakishashiba. Lilijazwa beseni zima. Alikula kwa njaa ya siku nzima, akamaliza kabla hujageuka, kisha akazunguka uwanja mbio kwa furaha. Tulimshangilia.

Jioni moja, baada ya mbio hizo, tumbo lake lilivimba likawa gumu. Alijaribu kutapika, likatoka povu tu. Akaja kumwegemea mama, miguu ikamwishia nguvu, wakaenda chini wote wawili. Mama alimshika kichwa mapajani mpaka akakata roho.

Mtaani kwetu tumbo kuvimba na povu vilikuwa na maana moja, sumu. Jirani alikuja mbio aliposikia kilio. Mama hata hakuinuka.

"Umeniulia mbwa wangu kwa sababu nilikukataza."

"Dada, mimi?"

Jirani alisubiri kidogo, labda akidhani mama atajirudi, halafu akaenda kwake. Hawakusalimiana tena. Nilimlilia mbwa, lakini kilichoniumiza hasa ni kumwona jirani akituona na kuinamisha macho, sisi watoto aliotubeba mgongoni. Alipohama na mumewe, mtaa mzima ulimsindikiza stesheni. Mama alibaki nyumbani akipepeta mchele uliokwisha kuwa safi.

Nikiwa mtu mzima nilimsimulia daktari wa mifugo kisa hicho. Akasema mbwa wa jamii ile, wenye vifua vya kina, tumbo lao huweza kujisokota, hasa wakila mlo mkubwa kwa mara moja na kukimbia. Hupewa kidogo kidogo, mara mbili tatu kwa siku, kisha hupumzishwa. Dalili zake, alisema, ni zile zile nilizozitaja. Nilitaka kulia palepale ofisini kwake. Kidogo kidogo ndivyo jirani alivyokuwa akimlisha.

Nilimweleza mama wiki ileile. Pengine ningemwacha azeeke kwa amani, lakini nilikuwa na hasira naye ya miaka mingi, nikamwambia yote.

"Siku ile waliyohama, treni walishukia Kaliua," mama akauliza, "au walipitiliza Tabora?"

Nikasema sijui. Akaniuliza nani pale mtaani angejua. Tukawataja majirani wa zamani mmoja mmoja: huyu amekufa, yule amehama, mwingine hakuwa na mazoea naye. Habari zote za mwanamke yule, hata kijiji alikozaliwa mama yake, zilikuwa kwa mtu mmoja tu, na huyo alikuwa mama, naye tangu siku mbwa alipokufa alikuwa hajamuuliza neno.